Mwanafunzi Asiyepokelewa

Cherehani ya pembeni ilipoanza kulia, hakuna aliyegeuka. Atelye ya ushonaji ikiwa na kazi, nani anahesabu sauti za cherehani? Bénita alikuwa ameinamia barakoa, Moïse alikuwa anapiga pasi, Chance alikuwa anakata mipira ya kuvalia masikioni, na kule kwenye kona, karibu na ukuta wa mawe ya volkano, mguu wa mtu ulikuwa unakanyaga pedali polepole. Ulikanyaga muda mrefu kabla Bénita hajajiuliza ni wa nani. Alipoinua macho aliona msichana amekaa pale, gauni la kitenge la rangi ya majivu, kilemba kimefungwa vizuri, barakoa nyeupe imefika chini ya macho. Bénita akamwinamishia kichwa kwa mbali. Yule akaitikia kwa kichwa vilevile. Basi, kila mtu akaendelea na kazi yake.

Msimcheke Bénita. Mwaka ule wa corona mji mzima wa Goma ulikuwa macho matupu. Ungeweza kumpita shangazi yako barabarani usimjue, na jioni akakusema kwa ukoo mzima kwamba umeanza majivuno. Ebola ilikuwa haijatutoka vizuri kichwani, ndoo za maji ya klorini zilikuwa bado zipo milangoni, na tayari redio ilikuwa inatangaza ugonjwa mwingine. Shule zilifungwa, mpaka ukafungwa, na wazazi waliochoka kuwaona vijana wao wakilala mchana kutwa wakawapeleka kwa Maman Angèle, mshonaji wa Himbi, kwenye nyumba yake ya mbao iliyo kando ya njia ya kuteremka ziwani, Kituku. Mashirika ya jirani yalikuwa yanataka barakoa kwa magunia.

Maman Angèle, mama wa Kinande asiyependa mchezo kazini, aliwagawa wanafunzi wake makundi mawili ili wasisongamane. Hawa waje leo, wale waje kesho, na kila mmoja akae mbali na mwenzake. Kwa hiyo Bénita alipomwona msichana asiyemjua alisema moyoni kwamba huyu ni wa kundi la wale wengine, amekosea siku. Moïse naye alidhani hivyohivyo. Maman Angèle mwenyewe alidhani ni ndugu wa Bénita kutoka Butembo, maana watu wa Butembo hawaishiwi ndugu.

Isitoshe, kila mmoja alikuwa na hofu yake nyingine, na alikuwa ameificha asiione mtu. Bénita alikuwa na miaka kumi na tisa, mdomo mkali, na mtihani wa serikali uliosogezwa mbele bila kutajwa tarehe. Siku hizo, kila alasiri, kifua chake kilianza kubana. Vidole vilikufa ganzi juu ya kitambaa, moyo ukapiga mbio bila sababu, na hewa ikawa inaishia kooni. Alijua ni nini, au alidhani anajua, kwa sababu redio ilikuwa inasema kila asubuhi kwamba dalili mojawapo ni kukosa pumzi. Alinyamaza. Jirani yao mmoja alikuwa amekohoa hadharani, akaletewa gari na watu waliovaa nguo nyeupe mpaka kwenye nyayo, mtaa mzima ukasimama kutazama, na aliporudi, mzima kabisa, hata mbwa wake alikuwa ameshahamia kwa watu wengine.

Moïse, kijana wa mzaha mwingi ambaye baba yake alikuwa Beni, aliacha mzaha na kuanza kunawa. Alinawa kwa maji ya klorini mpaka ngozi ya vidole ikapasuka, kisha akanawa tena. Na Chance, mdogo wao wote, binti wa familia iliyokimbia milima ya Masisi, alihamia kulala kwenye jiko la nje ili asimpumulie mama yake. Mama yake, Perpétue, alipouliza sababu, Chance alisema ndani kuna joto. Joto, Goma, mwezi wa mvua! Perpétue alimtazama tu, akampa blanketi la pili.

Kitu kimoja walikuwa nacho wote, ila hawakujua kwamba ni cha wote. Alasiri, kifua kilipoanza kubana, kulikuja harufu ya mkaa uliomwagiwa maji.

Siku Chance alipoanguka, mkasi ulikuwa bado mkononi mwake. Alijishika shingo, macho yakamtoka, akateremka kwenye kiti mpaka sakafuni huku akivuta hewa kwa sauti nyembamba. Maman Angèle hakuuliza nani ana ugonjwa gani. Alimbeba mgongoni, mtoto wa watu mwenye miaka kumi na saba, akaenda naye mpaka kituo cha afya. Walimpima. Walimchoma puani kwa kijiti cha kipimo. Maman Angèle na Bénita wakasubiri majibu wakiwa wamekaa kwenye benchi la nje, na mama yake Chance upande wa pili wa ua, mkono mdomoni.

"Corona hakuna," alisema infirmière, muuguzi wa kituo. "Mapafu iko safi, homa hakuna. Ni stress. Batoto bengi banakuja hapa vile. Aende apumuzike."

Stress! Bénita alipolisikia neno hilo alitaka kuligeuza aone kama lina kitu kwa nyuma. Lakini lilimpa mwanga. Kama Chance hana ugonjwa, na pumzi ya Chance inakatika vilevile kama yake, basi labda na yeye hana. Jioni ile alimvuta Moïse nyuma ya nyumba, kwenye pipa la maji ya mvua.

"Moïse, na weye pia?"

"Na miye pia nini?"

"Kifua."

Moïse alitazama vidole vyake vilivyopasuka.

"Kila siku alasiri, kisha ya chakula," alinong'ona. "Nilisema nikiongea batanipeleka. Na kuko harufu."

"Ya mukaa."

"Ya mukaa yenye kuzimwa na maji. Kumbe na weye unaisikia?" Alikuwa karibu kulia, na hakuona haya. "Bénita, ni mazuku. Iko inatoka chini ya nyumba."

Wazo halikuwa la kipumbavu. Kila mtoto wa Goma anajua mazuku, ile hewa mbaya inayotoka kwenye nyufa za ardhi yetu na kulala mabondeni, inaua mbuzi, inaua na watu. Anajua pia kwamba moto hauwaki ndani yake. Kesho yake Moïse alikuja na kiberiti mfukoni. Alasiri ilipofika, harufu ilipoanza, aliinama kama anayetafuta sindano iliyoanguka, akawasha njiti, akaishusha mpaka sakafuni. Ikawaka vizuri. Alitembeza moto chini ya meza, chini ya kabati, kando ya mlango, na ukawaka kila mahali, na alikuwa ameanza kutulia alipofika kwenye kona ambapo yule msichana wa kundi la wale wengine alikuwa anashona bila kuinua kichwa.

Aliwasha njiti nyingine karibu na magoti yake. Ikawaka. Akaiinua polepole, kwa udadisi tu, mpaka ikafika usawa wa uso wa yule msichana, na hapo ulimi wa moto ukalala upande, ukanyooka kuelekea kwenye ile barakoa kama unaovutwa na mdomo wa mtu, ukazimika, na hata moshi haukutoka. Moïse akabaki na njiti nyeusi mkononi, na kwa kuwa alikuwa ameinama karibu kuliko mtu yeyote alivyokuwa amemkaribia mpaka siku ile, aliona alichopaswa kuona mapema: barakoa ya yule msichana ilikuwa kavu, mkunjo wa pasi aliyoipiga Moïse mwenyewe ulikuwa umesimama katikati yake ulivyotoka mezani, na kitambaa kilikuwa kimetulia. Barakoa zao wote saa ile zilikuwa zimelowa, zinaingia na kutoka, zinaingia na kutoka. Ile haikuingia, wala haikutoka.

Alirudi nyuma kinyumenyume mpaka kwenye meza ya Maman Angèle.

"Maman," alisema kwa sauti ndogo, "yule wa kundi ingine, jina yake nani?"

"Yule? Si ni ndugu ya Bénita?"

"Maman, mimi simujui," alisema Bénita. "Nilizania ni wa kesho."

"Wa kesho nabajua bote," alisema Maman Angèle polepole, na kalamu ya chaki ikamdondoka. Walipogeuka, kona ilikuwa tupu. Gurudumu la cherehani lilikuwa bado linazunguka.

Kuanzia hapo hapakuwa na siri tena, lililobaki ni jina la kumwita. Maman Angèle alisema ni pepo. Mwenye duka wa jirani, Mwislamu, alisema ni jini, na jini akishakaa kwenye kiti anakijua kuwa ni chake. Yule msichana alirudi kesho yake na keshokutwa, akakaa palepale, mchana kweupe, na alipokaa hakuna aliyethubutu kumtazama zaidi ya mara moja. Maman Angèle alimwita mtumishi mmoja wa chumba cha maombi. Mtumishi alikuja, akasimama nje kwenye uzio kwa sababu ya masharti ya corona, akakemea kwa sauti iliyosikika mpaka ziwani. Kadiri alivyokemea ndivyo cherehani ya pembeni ilivyokimbia, mpaka mbao za ukuta zikatetemeka. Kisha mtumishi akakumbuka ana kikao mahali.

"Nafunga atelye," alisema Maman Angèle. "Kila mutu abaki kwabo."

Angefunga, kama Chance asingeonyesha kwamba kukaa nyumbani hakusaidii kitu. Chance alikuwa amepewa siku za kupumzika, na nyumbani alizidi kuisha. Bénita alipokwenda kumwona alimkuta kwenye jiko la nje, amejikunja, midomo imekuwa ya kijivu. Perpétue alikuwa anampepea kwa mfuniko wa sufuria.

"Hata hapa namusikia," alinong'ona Chance. "Mashini yake. Ananiambia niko nayo, test ilidanganya. Ananiambia nitaua mama. Na kila akishona, miye pumuzi inapunguka."

"Anashona nini?"

"Yangu," alisema Chance.

Bénita alielewa kesho yake, alipojilazimisha kutazama mikono ya yule kiumbe badala ya uso. Barakoa moja tu ndiyo ilikuwa chini ya sindano, siku zote hiyohiyo. Kitambaa kilikuwa na maua ya njano, kile cha gauni la Chance, na kwenye gauni la Chance, sasa alikumbuka, kulikuwa na pindo lililokatwa. Juu ya kitambaa hicho kulikuwa na kingine, na kingine, tabaka juu ya tabaka, nene kama mto wa kulalia. Siku ile lilikuwa limebaki tabaka la mwisho. Vipande vya mpira vilikuwa tayari mezani.

Bénita hakumaliza kufikiri. Alitoka mbio mpaka kwa Perpétue, na kwa pamoja wakamleta Chance atelye, wakimshika huku na huku, kwa sababu Bénita alisema kama kuna mtu wa kurudishiwa kitu lazima awepo. Perpétue akabaki mlangoni anasali rozari. Mvua ya Goma haibishi hodi. Ilimwagika walipokuwa wanaingia, ikapiga mabati mpaka mtu hasikii mwenzake, Moïse akafunga madirisha, na chumba kikawa giza katikati ya mchana, na katika giza lile harufu ya mkaa uliozimwa ikapanda, na cherehani ya pembeni ikawa inashona taratibu, bila haraka, kama mtu anayejua kwamba leo anamaliza.

Bénita alikwenda mpaka pale. Alinyoosha mkono akaishika ile barakoa chini ya sindano, na kidogo aiachie, kwa kuwa ilikuwa na joto. Ilikuwa na joto, na ilikuwa imelowa, na ndani ya matabaka yale kitu kilikuwa kinatweta, kinaingia na kutoka, kidogo kidogo, na alipogeuza kichwa akamwona Chance kwenye sakafu, kifua chake kikiinuka na kushuka kwa mwendo uleule. Alichomoa wembe, akakata uzi. Wembe ukateleza. Akakata tena, ukateleza tena, akajikata kidole, na uzi ukabaki kama ulivyo.

Ndipo yule kiumbe alipoinua kichwa. Barakoa yake haikutikisika, lakini sauti ilitoka, na ilikuwa sauti ya Bénita mwenyewe, ile anayoitumia peke yake akiwa amelala anahesabu pumzi.

"Unanifukuza?" ilisema. "Nani alinipokea? Hakuna. Kama hakuna mutu alinipokea, nani atanifukuza?"

Moïse alikuwa ameshafika mlangoni. Bénita aliogopa. Lakini kulikuwa na kitu ndani ya maneno yale kilichomkera, namna yule kiumbe alivyojidai, kwa sauti ya wizi, ndani ya nyumba ya watu. Alikasirika. Na alipokasirika akafikiri.

Hapa lazima nieleze. Kwa Maman Angèle mwanafunzi mpya hakai kwenye cherehani hivihivi. Analetwa na mtu wake, anasimama katikati ya chumba, na aliyemleta anasema mbele ya wote, "Ni mimi nimemleta," maana yake akiharibu nitajibu mimi. Fanta inafunguliwa, kila mtu anaonja. Kisha wote wanamsalimia kwa kichwa kama tunavyosalimiana huku Kivu, paji kwa paji, upande huu, upande ule, upande huu tena. Baada ya hapo ni mtoto wa atelye. Maman anaweza kumsifu, kumgombeza, kumfukuza. Corona ilipoingia Maman Angèle alisimamisha mambo haya yote, na alifanya vizuri. Nani angefikiri kwamba kuna kitu kitakuja kukaa kwenye nafasi hiyo?

"Maman!" Bénita alipiga kelele juu ya mvua. "Tumupokee!"

"Nini?"

"Tumupokee! Kama vile unatupokeaka sisi bote! Leta Fanta!"

Maman Angèle alimtazama kama anayetazama mgonjwa. Kisha alitazama barakoa ya njano mkononi mwa Bénita, ikipumua. Akaenda kwenye ndoo alimokuwa amehifadhi Fanta yake ya jioni, akaifungua kwa meno.

"Simama," alimwambia yule kiumbe. "Kuja katikati."

Kikasimama. Kilikuwa kirefu kuliko walivyodhani.

"Jina yako?"

Kikaangalia cherehani yake.

"Hauna jina. Aya. Nani amekuleta?"

Mvua ilipiga. Bénita alijua vizuri neno hilo lina uzito gani kwa Maman Angèle, na alijua kwamba likishatoka halitarudi.

"Ni mimi nimemuleta," alisema.

Fanta ikazunguka. Nusu ilimwagika. Kisha Bénita akavuta barakoa yake vizuri juu ya pua, akamsogelea yule kiumbe mpaka harufu ya mkaa ikamchoma macho, akainua kichwa chake akaweka paji lake kwenye paji lile, na baridi iliyoingia ilikuwa baridi ya jiwe la chini ya ziwa, na ile sauti yake mwenyewe ikaanza kumwambia ndani ya fuvu kwamba uko nayo, unajua uko nayo, utabaua wote waliomo humu, Moïse na Maman pia, na mtihani hautakuja, na shule haitafunguka, na maisha yako ni haya, kuhesabu pumzi gizani mpaka zitakapokwisha, na hakuna mtu hata mmoja utakayemwambia.

"Nitabaambia!" alisema Bénita kwa sauti. Upande wa pili wa paji. "Batu basikie! Naogopa! Toka mwezi ya tatu naogopa, silale, nahesabu pumuzi yangu sawa mwenda wazimu!" Upande wa tatu. "Naogopa, na nimekuja tu! Jambo!"

Akarudi nyuma. Moïse alikuwa amerudi kutoka mlangoni, hakuna anayejua saa ngapi. Alikwenda na mikono yake iliyopasuka, akagusa paji.

"Naogopa baba atakufa Beni na barabara iko imefungwa, sitafika kumuzika," alisema akilia wazi. "Nanawa mpaka damu. Miye, Moïse, mwenye kubachekesha. Aya, umesikia. Jambo!"

"Naogopa nitazika mutoto ya mutu," alisema Maman Angèle, na sauti yake ilikuwa ya hasira. "Jambo!"

Akabaki Chance. Walimwinua kutoka sakafuni, kichwa kinaning'inia, wakamsogeza. Hakuwa na hewa ya kusema maneno mengi. Paji lake liligusa, likagusa, likagusa.

"Nampenda mama," alisema. "Njo maana nilitoka ndani. Rudisha pumuzi yangu."

Maman Angèle alijipangusa mikono kwenye kitenge chake. Alipozungumza tena alikuwa ni yule mama ambaye wanafunzi wote wa Himbi walimwogopa kuliko askari.

"Sasa uko mwanafunzi wangu," alimwambia yule kiumbe. "Bénita, muonyeshe kazi yake. Hii ni nini? Hii ni barakoa? Hii ni cache-nez? Mutu atapumua na nini? Kazi mbaya. Keti. Fumua."

Kilibaki kimesimama.

"Fumua, nimesema! Kwangu mwenye kuharibu njo anafumua."

Na kikaketi. Vidole virefu vikaanza kuchomoa uzi, na uzi ulioukataa wembe ukatoka laini, tabaka moja likaachia, Chance akavuta hewa kwa kishindo kama aliyezamishwa. Tabaka la pili likaachia, akavuta tena. Na walisimama pale wote, mvua ikipiga, wakisikiliza nyuzi zinavyokatika na pumzi ya mtoto inavyorudi kifuani mwake, mpaka kikabaki kipande kimoja cha maua ya njano, kikavu, ambacho Maman Angèle alikichukua akakitia mfukoni.

"Hauna jina, hauna kazi," alisema. "Nakufukuza. Toka kwangu."

Kilitoka. Kilipita mlangoni kando ya Perpétue, kikaingia mvuani, na mvua ilianguka mahali kilipokuwa kana kwamba hakuna mtu, ikafika chini yote. Barakoa nyeupe peke yake ndiyo ilionekana ikiteremka njia ya Kituku, kisha nayo haikuonekana. Maman Angèle hakuwapa nafasi ya kukumbatiana. Aliwapanga mstari mbele ya ndoo ya klorini, akawaosha mapaji mmoja mmoja, na macho yao yaliwasha siku nzima.

Sitasema hofu ilikwisha. Corona iliendelea, mtihani uliendelea kusogezwa, na bado kulikuwa na alasiri ambazo kifua kilimbana Bénita. Tofauti ilikuwa kwamba alisema. "Imeanza," alikuwa akiita katikati ya kazi, na Moïse alijibu kutoka kwenye pasi, "Na kwangu," na Chance alisema, "Kwangu hapana, leo niko muzuri, nitabasaidia," na kazi iliendelea. Chance alirudi kulala ndani.

Mvua zilipokaribia tena, alikuja mama mmoja ambaye hakuna aliyemjua pale. Alijitambulisha kuwa ni Bibiche, mshonaji wa Birere. Hakutaka kukaa. Alizungusha macho kwenye kila uso, akashusha sauti.

"Kwangu kuko binti anashona. Hapumui. Mutoto wangu moja amelala chini toka juzi. Nilimuuliza nani amekuleta..." Alitazama mlangoni. "Akasema Bénita, ya kwa Maman Angèle. Bénita ni nani?"

Cherehani zote zilinyamaza. Bénita alihisi vidole vinakufa ganzi, na safari hii alijua sababu.

"Ni mimi," alisema. "Ni kweli, nilimuleta."

Alisimama. Lakini Chance alikuwa ameshasimama kabla yake, bado mwembamba, anafunga barakoa yake. Moïse alichomoa pasi. Maman Angèle alikuwa anatafuta Fanta kwenye ndoo.

"Nyie batoto," Bibiche alinong'ona, "hamuogope?"

"Tunaogopa, mama," alisema Chance. "Twende sasa, mvua haijanyesha."